Kununua nyumba Lodwar au Kakuma: wakili na serikali wanachukua ngapi?

Watu wetu wa Pwani walioko Turkana si wachache. Kuna walimu na wauguzi, kuna madereva wa malori yaendayo Lokichoggio na Sudan Kusini, kuna wenye hoteli na maduka ya nguo mjini Lodwar, na kuna wanaofanya kazi na mashirika kule Kakuma. Wengine walikwenda kwa mkataba wa mwaka mmoja, sasa wana miaka kumi, wameoa na watoto wanasoma huko huko. Wamechoka kulipa kodi ya nyumba kila mwezi. Swali wanaloniuliza mara kwa mara ni hili: ukinunua nyumba Turkana, wakili na serikali wanachukua ngapi?

Nimefanya ukarani katika afisi za mawakili na faili za nyumba nimezishika nyingi, kwa hiyo hesabu nitaitoa hapa chini. Lakini nawaomba kabla ya kuuliza bei ya wakili muulize swali jingine: unauziwa nini hasa? Zile asilimia zinazotajwa kwenye magazeti ni za nyumba iliyo na hatimiliki. Lodwar na Kakuma, nyumba nyingi zinazouzwa hazina. Na hapo ndipo watu wanapopoteza pesa zao, si kwenye ada ya wakili.

Karatasi nne, nyumba nne

Turkana haikupimwa vipande vipande kama sehemu nyingine za Kenya. Kabla ya Katiba ya 2010 sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya amana chini ya Baraza la Kaunti ya Turkana. Katiba ikaigawa ardhi ya nchi katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Kifungu cha 63 kikasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa itashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016.

Kwa hiyo ukiambiwa "kuna nyumba inauzwa", inaweza kuwa moja kati ya hizi nne. Ya kwanza ina hatimiliki au cheti cha kukodishiwa ardhi na serikali kwa muda wa miaka. Ya pili ina barua ya ugawaji tu, ile ambayo wengi tunaiita alotimenti. Ya tatu iko kwenye ardhi ya jamii, na muuzaji ana makubaliano ya mkono yenye muhuri wa chifu au sahihi za wazee. Ya nne iko ndani ya kambi ya Kakuma au makazi ya Kalobeyei. Kila moja ina gharama zake.

Nyumba yenye hatimiliki

Hii ndiyo nyepesi kuihesabu. Tuchukue nyumba ya Lodwar inayouzwa shilingi 2,500,000.

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo ndani ya manispaa, na asilimia 2 kwa iliyo nje. Lodwar ni manispaa, kwa hiyo hesabu ni shilingi 100,000. Nyumba ya bei hiyo hiyo nje ya mipaka ya manispaa ingetozwa 50,000. Mipaka ya miji hubadilika, hivyo mwulize wakili wako kipande chenyewe kiko upande gani siku hiyo. Ushuru huu hulipwa na mnunuzi kupitia Mamlaka ya Ushuru, KRA, na hati inatakiwa ipigwe stempu ndani ya siku 30 tangu kutiwa sahihi. Ukichelewa kuna faini.

Ada ya wakili imewekwa na agizo la malipo ya mawakili, lililorekebishwa 2014. Kwa mali isiyozidi milioni 5 ni asilimia 2 ya bei, lakini isipungue shilingi 35,000. Kwa nyumba yetu ni 50,000. Kama wakili amesajiliwa kutoza VAT, ongeza asilimia 16, yaani 8,000. Nyumba ya shilingi milioni moja isikudanganye: asilimia 2 yake ni 20,000, lakini utalipa kima cha chini cha 35,000, na VAT ya 5,600 juu yake. Sheria ya Mawakili inakataza wakili kutoza chini ya kiwango hicho, kwa hiyo anayekuambia atafanya kazi yote kwa elfu tano, jiulize kama ni wakili kweli.

Mpaka hapo nyumba ya milioni mbili na nusu imeshafikia 158,000 juu ya bei yake. Zipo na ndogo ndogo: ada ya kufanya sachi, yaani kupekua rejista kuona jina la mwenye ardhi na kama kuna rehani au zuio, ada ya kusajili uhamisho, nauli ya karani, na cheti cha kuonyesha kwamba reti za kaunti na kodi ya ardhi ya serikali hazidaiwi. Madeni ya reti na kodi ya ardhi kwa kawaida ni ya muuzaji, lakini usiposema hivyo kwenye mkataba utashangaa yanakujia wewe.

Ukinunua kwa mkopo wa benki, kuna gharama ya pili. Benki ina wakili wake anayeandika rehani, na anayemlipa ni wewe. Ushuru wa stempu wa rehani yenyewe ni mdogo, asilimia 0.1 ya mkopo; kwa mkopo wa 1,500,000 ni shilingi 1,500. Kinachouma ni ada ya huyo wakili wa pili. Omba benki ikuandikie kiasi hicho kabla hujatia sahihi ya mkopo.

Kwa upande wake, muuzaji hulipa wakili wake na kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida aliyopata.

Hapa kuna mtego ambao madalali huuita ujanja. Utaambiwa: tuandike bei ndogo kwenye mkataba ili ushuru upungue. Umenunua kwa 2,500,000, mkaandika 1,500,000. Umeokoa asilimia 4 ya milioni moja, yaani 40,000. Kwanza, mthamini wa serikali ana haki ya kutoa thamani yake mwenyewe, na ushuru utafuata thamani hiyo. Pili, biashara ikivunjika ukadai pesa zako, karatasi inasema ulilipa milioni moja na nusu. Tatu, siku utakayoiuza nyumba hiyo, faida yako itahesabiwa kutoka bei uliyoandika. Ile milioni moja uliyoificha itageuka kuwa faida, na asilimia 15 yake ni 150,000. Na mbali na hesabu, ni kudanganya serikali, jambo lenye adhabu yake.

Nyumba yenye barua ya ugawaji

Ploti nyingi za mjini Lodwar zilianza kwa barua ya ugawaji. Barua hiyo inasema umepewa ploti fulani kwa masharti: ukubali kwa muda uliowekwa, ulipe malipo ya mwanzo na kodi ya ardhi, upimiwe, kisha uandikiwe hati. Wengi walilipa kidogo wakajenga wakaacha hapo. Miaka ishirini baadaye ploti imeuzwa mara tatu na karatasi ni ile ile.

Mahakama ya Juu Zaidi ya Kenya ilishalimaliza jambo hili. Septemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises na Mwanasheria Mkuu, ilisema barua ya ugawaji si hatimiliki. Ni ahadi ya kupewa ardhi ukitimiza masharti, na mwenye barua ambaye hajakamilisha hana umiliki wa kumhamishia mwingine.

Watu wa Mombasa wana somo jingine lililo karibu zaidi. Miezi mitano kabla yake, Aprili 2023, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali ambayo kaunti iliibomoa ukuta wake 2017. Kampuni ilikuwa na hati mkononi na ilikuwa imenunua kwa pesa. Mahakama ikatazama ardhi ile ilivyogawiwa mara ya kwanza, ikaona utaratibu haukufuatwa, na hati ya mnunuzi haikumwokoa. Maana yake kwa mnunuzi wa Lodwar ni kwamba sachi ya leo haitoshi. Wakili wako lazima arudi nyuma hadi mgao wa kwanza: nani aligawa, kwa ramani gani iliyoidhinishwa, na risiti ziko wapi.

Kwa hiyo gharama za nyumba ya namna hii ni tofauti. Kuna ada ya kaunti ya kubadilisha jina kwenye faili, ambayo huwekwa na sheria ya fedha ya kaunti ya mwaka ule. Kuna malimbikizo ya kodi. Kuna mpima ardhi mwenye leseni, anayeweka bikoni na kupeleka ramani kuidhinishwa. Kuna ada za kuandaa na kusajili hati yenyewe. Gharama ya mpima ni ya kupatana, na majirani wenye barua kama yako wakiungana kumwita mtu mmoja huwa nafuu kwa kila mmoja. Lakini hesabu ukiipiga vizuri, kuitoa nyumba kwenye barua mpaka hatimiliki kunaweza kuzidi ada ya wakili mara kadhaa, na kukachukua miaka.

Basi mimi hushauri hivi: mwenye kukamilisha awe muuzaji, kabla hujanunua. Akisema hana uwezo, gharama zote ziandikwe na zikatwe kwenye bei. Nyumba ya 2,500,000 yenye barua tu haina thamani ya 2,500,000.

Nyumba kwenye ardhi ya jamii

Ukitoka katikati ya mji kidogo tu, unaingia ardhi ya jamii. Tangu ugatuzi uanze 2013 na Lodwar kuwa makao makuu ya kaunti, na tangu mafuta yagunduliwe karibu na Lokichar 2012, bei za ploti zimewavuta madalali. Barabara ya kutoka bandari yetu ya Lamu kuelekea Sudan Kusini, ile ya mradi wa LAPSSET, imeongeza hamu hiyo.

Sheria ya 2016 inasema kaunti haina ruhusa ya kuuza wala kumhamishia mtu ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Kaunti yenyewe imekatazwa, chifu je? Chifu anaweza kushuhudia kwamba anamjua muuzaji. Hawezi kukupa ardhi. Jamii ikishajisajili, ardhi yake husimamiwa na kamati ya watu 7 hadi 15, na kuitoa ardhi kwa mtu kunahitaji kukubaliwa na theluthi mbili ya mkutano wa wanajamii. Mzee mmoja na wanawe wawili hawatoshi, hata wakiwa waaminifu kiasi gani.

Mwalimu mmoja wa kutoka Kwale, ambaye sitamtaja, alichukua mkopo wa Sacco wa shilingi 900,000 akanunua nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji kwa karatasi ya namna hii. Wakili hakumtafuta, akaona 35,000 ni nyingi. Mwaka wa pili ikaja familia nyingine ikasema pale ni pao, walikuwa wamehama na mifugo wakati wa ukame na sasa wamerudi. Walikuwa wanasema kweli, na majirani waliwajua. Muuzaji naye hakuwa mwizi. Kwa desturi yao alikuwa na haki ya kukaa pale, si ya kuuza. Mkopo unaendelea kukatwa kwenye mshahara. Nyumba haiuziki, na benki haiwezi kuipokea iwe rehani.

Kisa hicho nakitaja kwa sababu sisi wa Pwani tunayajua machungu haya kutoka upande wa pili. Ni sisi ambao mashamba ya babu zetu yaliandikwa majina ya watu tusiowajua. Tusifike Turkana tukawa ndio wale wenye karatasi wanaokuja kumwondoa mtu kwao.

Kakuma na Kalobeyei

Kakuma iko kama kilomita 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar. Kuna mji wa Kakuma wa wenyeji, na kuna kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992. Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa 2016, jirani na hapo. Biashara ya kambini ni kubwa, na Kiswahili utakisikia kila pembe, cha Wakongo, Warundi na wetu. Mkimbizi akipata safari ya Marekani au Canada, huiuza nyumba yake au duka lake kabla ya kuondoka. Bei ni ndogo, na ndugu zetu wenye biashara hushawishika.

Elewa unachonunua. Mkimbizi aliyepewa kiwanja amepewa mahali pa kukaa, hakupewa ardhi. Asiye raia, kwa Kifungu cha 65 cha Katiba, anaweza tu kukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na pale kambini hata hiyo hati ya kukodishiwa hana. Unachouziwa ni kuta na mabati.

Mtu wa Majengo au Kisauni hahitaji kuelezwa zaidi. Mombasa tuna nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Unamiliki kuta, na kila mwezi unampelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Tofauti ni kwamba Mombasa mwenye ardhi anajulikana na desturi ni ya miaka mingi. Kambini huna hata risiti ya kiwanja. Ukiambiwa uondoke, unaondoka na mabati yako.

Ushuru wa stempu hapo haupo, kwa sababu hakuna uhamisho wa kusajili. Wakili hana hati ya kuandika. Gharama rasmi ni sifuri, na sifuri hiyo ndiyo onyo lenyewe. Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi yanayoishi pamoja na wenyeji, na tangu hapo madalali wanasema hati ziko njiani. Mpango ni mpango. Usilipe leo bei ya hati ya kesho. Kama ni biashara yako inahitaji mahali, kodisha, na weka maandishi.

Kwa mji wa Kakuma wenyewe, fuata yale niliyosema juu ya barua na ardhi ya jamii.

Mpangilio wa kulipa

Ukiamua kununua, pesa zitoke kwa mpangilio huu.

Mosi, lipa sachi na wakili wako mwenyewe, kabla ya shilingi moja kumfikia muuzaji. Chama cha Mawakili, LSK, kina orodha ya wenye leseni ya mwaka, mtafute humo. Wakili wa muuzaji si wakili wako, hata akikuhakikishia kwamba anasimamia wote wawili.

Pili, nenda kaone nyumba mwenyewe au umtume unayemwamini. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini nauli hiyo ni rahisi kuliko majuto. Tazama mikondo ya maji. Lodwar iko penye Turkwel na Kawalase, na laga kavu leo inaweza kuwa mto usiku mmoja.

Tatu, mkataba uwe wa maandishi, umetiwa sahihi na pande zote mbele ya shahidi. Sheria ya Mikataba haitambui mauzo ya ardhi ya mdomo. Kama muuzaji ana mke au mume na nyumba ni ya ndoa, idhini ya mwenziwe iwemo. Kama amerithi, sheria ya mirathi hairuhusu msimamizi kuuza nyumba wala ardhi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wake. Omba kuiona karatasi hiyo.

Nne, amana ya asilimia 10, kama ilivyo kawaida, ikae kwenye akaunti ya wakili mpaka mambo yakamilike. Dalali asiishike. Dalali wa kweli amesajiliwa na bodi yao, na hulipwa na aliyemwajiri.

Tano, salio lilipwe wakati hati za uhamisho zilizotiwa sahihi, vyeti vya kutodaiwa na hatimiliki asili viko mikononi mwa wakili wako.

Ukijumlisha yote, kwa nyumba yenye hatimiliki ndani ya manispaa, tenga kama asilimia 7 hadi 8 juu ya bei, na kidogo zaidi kama kuna benki. Kwa nyumba yenye barua tu, usitenge asilimia yoyote mpaka mpima na wakili wamekuandikia hesabu zao. Na kwa ile isiyo na karatasi, hizo pesa ulizoambiwa utaziokoa kwa kutomlipa wakili, ziweke Sacco, uendelee kupanga.